Theluji na rangi alizozifunika: shajara ya sungura mseto

19 Januari 2025

Naanza na sungura wanne, Arusha, kwenye mabanda ya mbao na waya nyuma ya nyumba. Wote ni mseto. Hakuna hata mmoja mwenye karatasi ya ukoo, na sitafuti kuzalisha sungura wa maonyesho. Hawa ni wa kufugwa nyumbani, wa kushikwa na watoto. Ninachotaka kujua ni wamebeba rangi gani ndani, hasa Theluji.

Theluji ni jike mweupe pe, macho mekundu, kutoka soko la Kilombero. Muuzaji alimwita New Zealand, kama anavyoitwa karibu kila sungura mweupe hapa mjini. Umbo lake linakataa: masikio mafupi, mashavu mapana, mwili mdogo kuliko wa New Zealand halisi.

Makaa ni dume jeusi tii. Sikio moja limesimama na jingine limelala, jambo la kawaida kwa mseto wenye damu ya sungura wa masikio yanayolala upande mmoja. Tangawizi ni jike wa rangi ya chungwa, lakini pua, masikio, mbavu na tumbo vinaonekana kama vimepakwa masizi. Wa nne ni mzee, hazalishi tena, namwacha apumzike.

Nimeanza na Theluji kwa sababu weupe wake si rangi, ni kukosekana kwa rangi. Kuna kimeng'enya kinachoitwa tirosinase, na bila hicho mwili hautengenezi melanini yoyote, iwe nyeusi au nyekundu. Jeni yake wafugaji huiandika kwa herufi C. Sungura aliyepata nakala mbovu mbili, c kwa baba na c kwa mama, anatoka mweupe, na macho yanakuwa mekundu kwa sababu damu inaonekana bila rangi ya kuifunika. Wapo pia sungura weupe wenye macho ya bluu, ila hao weupe wao unatokana na jeni nyingine kabisa, ile ya Vienna. Macho ya Theluji ni mekundu, kwa hiyo yeye ni cc, bila ubishi.

Jeni zake nyingine zote za rangi bado zipo. Anaweza kuwa ndani yake mweusi, kijivu, chungwa, au mwenye madoa, na macho yetu yasione kitu. Njia ya kujua nyumbani, bila maabara, ni moja tu: apandishwe na dume mwenye rangi, na kila mtoto aandikwe.

8 Februari

Leo Theluji amepelekwa kwa Makaa. Huwa nampeleka jike kwenye banda la dume, si dume kwa jike, kwa sababu jike hulinda banda lake na anaweza kumrarua. Imechukua dakika chache. Dume alipoanguka ubavu na kutoa kile kisauti chao, nimemrudisha Theluji na kufunga banda kwa kufuli.

Kufuli ni sehemu ya kazi. Jike wa sungura hana siku za joto kama ng'ombe; yai huachiliwa baada ya kupandwa. Akipandwa na madume mawili kwa kufuatana, anaweza kuzaa watoto wa baba wawili kwa mkupuo mmoja. Mtu akiwa na banda la wazi, daftari lake la rangi halina thamani.

Kabla ya kuzaa naandika ninachotarajia, ili nisije nikajenga maelezo baada ya kuona. Makaa ni mweusi wa mwili mzima, hana doa. Theluji sijui. Nimechora jedwali la Punnett, lile la kukutanisha jeni za baba na za mama, kwa kila jeni. Wengi tunalikumbuka hilo jedwali kutoka kidato cha nne, tukichora njegere. Reginald Punnett mwenyewe, pale Cambridge, alichapisha kazi kuhusu urithi wa rangi za sungura mwaka 1912. Na Mmarekani William Castle wa Harvard alikuwa ameshatoa yake mwaka 1905, juu ya manyoya ya simbilisi na sungura. Sungura waliingia mapema kwenye elimu hii kwa sababu huzaa haraka na wengi, na rangi zao husomeka wazi.

11 Machi

Siku ya thelathini na moja. Alfajiri nimekuta kasha la kuzalia limejaa manyoya aliyojinyonyoa kifuani. Watoto wanane, wote hai, wote matumbo yamejaa maziwa.

Wanazaliwa uchi, lakini ngozi inaanza kusema. Watano wana ngozi nyeusi inayong'aa au ya kijivu mwili mzima. Watatu wana ngozi yenye mabaka: kiraka cha waridi, kiraka cheusi. Nimewahesabu tena kwa tochi. Hakuna aliye wa waridi mtupu.

15 Machi

Malaika yameanza kutoka. Naweza kuandika.

Wa rangi ya mwitu, ule ukijivu uliochanganyika, wapo watatu, na mmoja kati yao ana madoa meupe. Weusi ni wanne, wawili kati yao wana madoa. Wa mwisho ni kijivu chenye ubluu, rangi moja mwili mzima kama moshi wa kuni mbichi. Tumempa jina Moshi. Ni jike.

Mweupe, hakuna.

Mzee jirani amekuja kuangalia. Amesimama mbele ya kasha kimya, kisha akasema, "Mwalimu, mama mweupe, baba mweusi, hawa wa kijivu na hawa wa madoa wametoka wapi? Huyu jike wako alitoka usiku. Kuna sungura wa porini kule bondeni."

"Shikamoo Mzee. Banda lina kufuli, na ufunguo ninao mimi."

"Marahaba. Basi eleza."

Nimemweleza, na hapa naandika kwa ukamilifu zaidi kwa sababu swali lake ni la watu wengi.

Kwanza la porini. Sungura tunaowafuga asili yao ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Yule anayekimbia kwenye mashamba ya mahindi hapa kwetu ni mnyama wa jenasi nyingine. Wa kufugwa ana kromosomu 44, wa porini kwetu ana 48, na hawazai pamoja. Watoto wao hata hawafanani wakati wa kuzaliwa: wa porini huzaliwa na manyoya, macho wazi, tayari kukimbia, hawa wetu ni vipofu na uchi. Kwa hiyo kijivu cha watoto wa Theluji hakikutoka bondeni.

Kimetoka kwa Theluji mwenyewe. Ukimshika mmoja wa wale watatu na kumpulizia mgongoni baada ya manyoya kurefuka, yanafunguka kama ua na unaona miduara: chini kijivu cha bluu, kisha pete ya rangi ya chungwa, juu ncha nyeusi. Kila unywele umepakwa kwa zamu. Jeni inayofanya kazi hiyo huandikwa A, na ndiyo iliyotoa rangi ya sungura wa kale kabla ya mwanadamu kuwafuga. Tumbo linakuwa jeupe, ndani ya masikio kunapauka, na jicho linazungukwa na duara hafifu. Nakala dhaifu, a, zikiwa mbili, zamu hiyo inakufa na unywele wote unakuwa rangi moja. Makaa ni mweusi. Theluji ndiye aliyetoa A. Na kwa kuwa kuna weusi pia kati ya watoto, ametoa na a. Theluji ni Aa.

Moshi ni habari nyingine. Kijivu chake ni weusi uliopunguzwa. Chembe za rangi badala ya kutawanyika sawasawa ndani ya unywele zinajikusanya mabonge mabonge, na jicho linaona kijivu. Hii ni kazi ya jeni D, na ili ipungue lazima zipatikane d mbili, moja kwa kila mzazi. Kumbe Makaa na Theluji wote ni Dd. Mtoto mmoja kati ya wanane ametosha kuthibitisha hilo kwa wazazi wote wawili.

Na kukosekana kwa weupe nako ni ushahidi. Kama Makaa angekuwa amebeba c kimyakimya, kila mtoto wake na Theluji angekuwa na nafasi nusu ya kutoka mweupe. Wanane mfululizo wenye rangi, nafasi yake ni 1 kati ya 256. Nimeandika kwenye kadi ya Makaa: CC. Watoto wote wanane nao nimewaandika Cc, maana mama hana kingine cha kuwapa.

22 Machi

Madoa ndiyo yaliyoninyima usingizi wiki hii.

Jeni ya madoa huandikwa En, kwa sababu ilijulikana sana kwa sungura wa Kiingereza wenye madoa. Inahitaji nakala moja tu kuonekana. Sungura asiye na doa na mwenye rangi kamili hana En hata moja, ni enen. Makaa hana doa, hata nimemgeuza na kumtazama kidevu na kucha. Kwa hiyo En ya hawa watatu imetoka kwa Theluji. Chini ya weupe wake kuna sungura mwenye madoa, na hakuna mtu angeweza kulijua hilo kwa kumtazama.

Kwa bahati nzuri watano hawana madoa. Theluji angekuwa na En mbili, wote wanane wangekuwa na madoa. Yeye ni En moja. Hili ni muhimu kuliko rangi zote nilizoandika hadi sasa, na sababu yake nitaifikia, kwa sababu Mzee anafuga dume mwenye madoa meusi, mzuri sana, na tayari ameshaniuliza kama anaweza kumleta kwa Theluji.

Nimemwomba asubiri.

26 Aprili

Watoto wa Theluji wameachishwa kunyonya na kutenganishwa, madume huku, majike kule. Wana namba sikioni kwa wino. Theluji anapumzika.

Leo Makaa amepandishwa na Tangawizi. Lengo ni kujua weusi wa Makaa ni wa aina gani, kwa sababu kuna njia mbili za sungura kuwa mweusi. Moja ni kuwa na aa, kama nilivyoeleza. Nyingine ni kupitia jeni E, ambayo ina nakala moja kali inayolazimisha weusi hata kama A ipo chini yake. Machi niliandika haraka kwamba A ni ya Theluji, lakini watoto wake peke yao hawanipi uhakika, kwani A ya wale wa mwitu inaweza kuwa ya mama au ya baba.

Tangawizi ni kipimo kizuri. Rangi ya chungwa yenye masizi ni aa ee: nakala mbili za e zinaufanya mwili upake zaidi melanini nyekundu na kubakiza weusi pembeni tu. Angekuwa na A pamoja na ee, angekuwa wa chungwa safi, tumbo jeupe, bila masizi. Kwa hiyo Tangawizi hana A ya kutoa. Ikitokea A kwa mtoto yeyote, imetoka kwa Makaa.

27 Mei

Tisa. Tangawizi amewafunika vizuri sana, nimelazimika kuchimba manyoya kwa vidole viwili kuwahesabu.

8 Juni

Weusi wanne. Wa chungwa wenye masizi wanne. Mmoja amepauka, masizi yake ni ya kijivu. Huyo ni sawa na wenzake wa chungwa ila amepata na d mbili, maana yake Tangawizi naye ni Dd.

Hakuna wa mwitu, hakuna wa chungwa safi. Makaa angekuwa amebeba A moja chini ya weusi, kila mmoja wa hawa watano wa chungwa angekuwa na nafasi nusu ya kutoka bila masizi. Watano mfululizo, 1 kati ya 32. Si uhakika wa mwisho, lakini unanitosha kuandika aa kwenye kadi yake. Na kwa kuwa ametoa watoto wa chungwa, yeye ni Ee.

Kadi ya Makaa sasa inasomeka: aa, CC, Dd, Ee, enen. Sehemu ya B bado tupu. B ndiyo inayoamua kati ya weusi na kahawia ya chokoleti, na chokoleti inahitaji b mbili. Hajatokea mtoto wa chokoleti kwa jike yeyote, lakini kimya hicho hakithibitishi kitu mpaka apewe jike anayejulikana kuwa na b.

14 Julai

Baridi ya Meru. Asubuhi mvuke unatoka puani mwa sungura, na nimeongeza majani makavu kwenye makasha.

Mzee ameniita kwake. Ana jozi ya sungura aina ya California, nao si safi, lakini wana sura yake: mwili mweupe, pua, masikio, miguu na mkia vyeusi. Jike amezaa wakati wa baridi kali, na kasha lake lilikuwa wazi upande wa upepo. Watoto wana wiki tatu. Wawili kati yao wana ukungu wa kijivu mgongoni kote, kama mtu amewapulizia majivu.

"Hawa wameharibika, Mwalimu. Wamechanganyika na wengine. Nataka niwatoe kwa bei ya chini, nani atawataka?"

Nimewashika mmoja mmoja. Macho mekundu, pua imeanza kutia giza. Nikamwambia, "Mzee wangu, hawa ni sawasawa na ndugu zao. Wamepigwa na baridi tu. Wape muda mpaka wabadilishe manyoya."

Hiki ni kipande cha elimu ya rangi ninachokipenda kuliko vyote. Sungura wa California aliundwa Marekani na George West kuanzia mwaka 1923, kwa kuchanganya sungura wa Himalaya, wa Chinchilla na New Zealand mweupe. Alama zake nyeusi zinatoka kwa yule wa Himalaya, na zinakaa palepale kwenye jeni C, ile ile iliyomfanya Theluji kuwa mweupe. Ila nakala ya Himalaya haijafa. Inatengeneza tirosinase inayofanya kazi penye ubaridi na kushindwa penye joto. Kiwiliwili kina joto, kinabaki cheupe. Puani, masikioni, kwenye miguu na mkia damu inapoa, na weusi unapakwa. Mtoto mchanga asiye na manyoya akipigwa na baridi, mgongo wake wote unapoa, na unapakwa pia.

Nimewaeleza watoto wa Mzee mpangilio wa jeni hiyo, C kamili juu, chini yake Chinchilla, chini yake Himalaya, na c ya weupe chini ya wote. Aliye juu anamfunika aliye chini. Wameelewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengi, labda kwa sababu mfano wenyewe ulikuwa magotini mwao unatafuna mashona nguo.

Kasha tumeligeuza, likatazama ukuta.

6 Septemba

Wale wawili wa Mzee wamebadilisha manyoya. Migongo ni meupe kabisa. Hawajauzwa, na sasa hata yeye hawezi kuwatenganisha na ndugu zao bila kuangalia namba.

Lakini kwake nimekuta jambo jingine, na hili si zuri.

Lile dume lake la madoa, tumwite Madoa, alilipandisha miezi iliyopita na jike mwingine mwenye madoa. Walizaliwa wenye madoa, weusi wasio na doa, mweupe mmoja mwenye macho mekundu, na mmoja ambaye kila mtu alimsifia kwa sura: karibu mweupe wote, masikio meusi, duara jeusi kwenye macho, na chini ya pua alama ndogo kama sharubu. Wakamwita Sharubu. Ndugu zake sasa ni wakubwa. Yeye ana uti wa mgongo unaoonekana kwa vidole, na tumbo limevimba. Nimeangalia chini ya banda lake. Kinyesi cha sungura mwenye afya ni punje za duara, kavu, za ukubwa mmoja. Cha kwake ni kikubwa, kimepondeka, kina unyevu, na siku nyingine hakuna kabisa.

Sharubu ana En mbili. Wafugaji duniani huwaita sungura hawa Charlie, na alama yao ni hiyo: madoa machache mno, sharubu badala ya alama kamili ya umbo la kipepeo puani. Mwaka 2014 watafiti wa Bologna, Italia, walionyesha kwamba En inahusiana na jeni iitwayo KIT. Jeni hiyo haishughuliki na rangi peke yake. Inahitajika pia kwa seli ndani ya ukuta wa utumbo ambazo hupiga mdundo wa kusukuma chakula. Mwenye En moja ana madoa na tumbo lake linafanya kazi. Mwenye mbili anaweza kupata utumbo mpana uliovimba na kulegea, usiosukuma. Wengine huishi nao kwa matunzo, wengine wanateseka na kufa mapema.

Nimemwambia Mzee bila kuzunguka: Sharubu apewe nyasi kavu kwa wingi muda wote, chakula cha dukani kidogo sana, maji yasikosekane, na daktari wa mifugo amwone wiki hii. Asizae. Amenisikiliza, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalingoja tangu Machi.

"Na Theluji wako je, si mweupe tu? Tukimpa Madoa watoto watakuwa salama."

Hapana. Nimetoa daftari. Theluji ana En moja, Madoa ana En moja. Katika kila watoto wanne, mmoja kwa wastani atapata mbili. Halafu kuna la pili, baya zaidi. Kwenye uzao wa Sharubu alikuwepo mweupe mwenye macho mekundu. Mtoto huyo ni cc, basi Madoa naye amebeba c. Madoa na Theluji wakikutana, nusu ya watoto watakuwa weupe, na robo ya hao weupe watakuwa na En mbili. Hao hawatakuwa na sharubu ya kututahadharisha. Watafanana na sungura mweupe yeyote sokoni. Mtu atamnunua mtoto wake zawadi, na mnyama ataanza kukonda bila mtu kujua kwa nini.

Mzee amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa muda mrefu. "Basi huyo mweupe wangu wa uzao ule," akasema, "anaweza kuwa kama Sharubu?"

Anaweza. Tumekwenda kumtazama pamoja. Kinyesi chake ni cha duara na kavu, mwili umejaa. Dalili nzuri, lakini nimemwomba naye asizalishwe.

18 Oktoba

Mzee anataka watoto wenye madoa kwa ajili ya wajukuu, na haki yake ipo. Madoa yenyewe hayana kosa. Jibu liko kwenye banda langu. Moshi ana miezi saba. Ana rangi kamili bila doa, kwa hiyo ni enen, hakuna kilichofichwa hapo. Akipewa Madoa, nusu ya watoto watakuwa na madoa na hakuna hata mmoja anayeweza kupata En mbili. Hawana undugu. Leo amepandishwa.

Nimeandika matarajio: rangi ya mwitu haitatokea ikiwa weusi wa Madoa ni wa aa. Weupe wanaweza kutokea, robo hivi, maana wote wawili ni Cc. Wa kijivu wakitokea, Madoa ana d.

18 Novemba

Sita. Mama mgeni lakini amejinyonyoa vya kutosha, na kasha liko upande usio na upepo.

30 Novemba

Weusi wenye madoa wawili, mweusi mtupu mmoja, wa kijivu mtupu mmoja, wa kijivu mwenye madoa mmoja, na mweupe mmoja, macho mekundu.

Madoa ana d. Hilo Mzee amelifurahia kupita kiasi, kwa sababu yule wa kijivu mwenye madoa ni mzuri kweli: kipepeo puani kimekamilika pande zote mbili, mstari mgongoni haukukatika mahali. Wajukuu wameshamchagua.

Kila mtoto anatoka na kadi. Wenye madoa zao zinasema: En moja, apandishwe na asiye na doa mwenye rangi kamili tu. Ya mweusi mtupu na ya kijivu mtupu hazina sharti la madoa. Ya yule mweupe imeniandikisha maneno mengi kuliko zote: cc, aa, madoa hayajulikani, huenda yapo, asipewe dume au jike mwenye madoa, wala mweupe mwenzake, mpaka apimwe kwa uzao na mwenye rangi kamili asiye na doa.

Sharubu yuko hai. Daktari amempa matibabu, na Mzee anamkatia nyasi mwenyewe kila asubuhi.

Mwezi Januari namtafutia Makaa jike wa chokoleti. Kuna mfugaji Usa River mwenye wawili, na ameahidi kunionyesha wazazi wao kwanza.